Macho ya Upande wa Mama

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nimeona niliseme hilo mwenyewe kabla watu hawajanisemea. Nimefundisha bayolojia miaka mingi, kwanza Nachingwea na sasa Ruangwa, na wanafunzi wangu wanajua kwamba ukinijibu hovyo utazunguka uwanja wa mpira mpaka adabu ikurudie. Lakini ipo hasira ya mtu aliyekosewa, na ipo hasira ya mtu anayeogopa kugundulika. Hiyo ya pili ni mbaya zaidi, na ndiyo niliyomshushia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mbele ya ukoo mzima, kwa kosa lililokuwa langu.

Nieleze kwanza habari ya macho yangu, maana huko ndiko shina lilipo.

Sioni rangi kama watu wengine wanavyoziona. Ukimwambia mtu hivyo, papo hapo anakupungia mkono usoni: "Hivi vidole vingapi?" Vidole naviona, bwana! Bluu naiona vizuri, nyeusi naiona, nyeupe naiona. Ila nyekundu na kijani kwangu zinafanana mno, hasa zikififia, na njano changa nayo inapotelea humo humo kwenye kijani. Nilipokuwa mdogo, kwetu Likunja, mama alinituma bustanini nichume pilipili zilizoiva. Nikarudi na kikapu kizima cha mbichi. Nikachapwa. Kesho yake nikatumwa nyanya, nikaleta mbichi tena, nikachapwa zaidi, maana sasa ilionekana ni kiburi. Sikujua kwamba wenzangu wanaona kitu nisichokiona. Nilidhani wana akili kunizidi, basi.

Nikajifunza ujanja. Nyanya nilizibonyeza. Mabibo niliyanusa, au nilingoja yaanguke yenyewe. Hata mjomba wangu mimi, kaka yake mama, nakumbuka alikuwa hanunui nguo bila dada yake kuwapo, na watu wakisema ni mapenzi ya ndugu. Mh! Mapenzi.

Nilipofika chuo cha ualimu, mkufunzi alituletea kitabu chenye kurasa za vidoa vidoa. Katikati ya vidoa pana namba, na darasa zima tukaambiwa tuandike namba tunazoziona. Wenzangu wakaandika bila hata kufikiri. Mimi niliona vidoa tu, kama mtama ulioanikwa. Unajua nilifanya nini? Nilichungulia karatasi ya jirani yangu, nikaandika alichoandika. Siku hiyo nilijua nina nini, na siku hiyo hiyo niliamua kwamba hatajua mtu.

Ila kusoma nilisoma. Nilijifungia maktaba na vitabu vya chuo mpaka nikaelewa. Zamani mno, mababu wa wanyama wanyonyeshao waliishi kwa kujificha gizani, na gizani rangi haikusaidii kitu. Wengi wa uzao wao mpaka leo wana aina mbili tu za seli za kupokea rangi machoni: ng'ombe, mbuzi, mbwa. Kisha katika ukoo wa tumbili, nyani na sokwe, na sisi tumo humo, jeni moja ikanakiliwa zikawa mbili, nakala moja ikabadilika kidogo, na jicho likapata aina ya tatu. Kwa hiyo aina ya tatu, tunda lililoiva likaonekana katikati ya majani, na majani machanga yenye wekundu, yaliyo laini, yakajitenga na yale makavu. Wataalamu bado wanabishana: ni matunda, au ni majani, au ni kuusoma uso wa mwenzako damu inapopanda. Mimi nasema vyote vitatu, na hicho cha mwisho kimenigharimu kuliko viwili vya kwanza. Komba, yule mwenye macho makubwa anayelia juu ya miti, hakupata mgao huo. Tumbili anayekuibia mabibo alipata.

Na jeni hiyo imekaa kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja tu, na anaipata kwa mama. Ikija na kasoro hana akiba. Mwanamke anazo mbili. Moja ikiharibika nyingine inaziba, yeye anaona vizuri kabisa, lakini mwanawe wa kiume anaweza kupewa ile mbovu. Kwa hiyo macho kama yangu hayatoki kwa baba kwenda kwa mwanawe. Yako kwa mjomba, yanapita kimya kimya kwa dada, yanajitokeza kwa mpwa. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu maktabani mpaka nikakemewa. Si ndivyo ukoo wetu sisi Wamwera unavyokwenda tangu enzi? Mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Siku hizi dini na sheria zimeyapunguza hayo, lakini shamba la bibi likitafutiwa mtu, bado watu wanageuza shingo kumtazama mjomba.

Mke wangu aligundua wiki ya kwanza ya ndoa. Alinituma kitambaa cha kijani cha mapazia, nikarudi na chekundu, nikakikunjua mbele yake kwa majigambo. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona mimi sicheki, akanyamaza. "Tangu lini?" akauliza. Nikamwambia tangu kuzaliwa. Hakumwambia mtu, hata mama yake mzazi. Tangu hapo akawa macho yangu, na kwenye kazi ya ufuta ndiko alikonisaidia hasa.

Asiyelima ufuta hajui mateso yake. Ukichelewa kuukata, maganda yanapasuka yenyewe shambani na mbegu zote zinamwagika chini, unabaki na vijiti. Ukiwahi, unakata mbichi, mbegu zinasinyaa, ukija kukung'uta unapata mapepe. Siku zako za katikati ni chache, na kinachokuambia zimefika ni rangi: majani ya chini yanadondoka, maganda yanatoka kijani yanaingia njano. Mimi na mke wangu tulikuwa na utaratibu wetu. Tukiingia shambani yeye anatangulia, anavunja shina moja, ananipa. Akinipa kwa mkono wa kulia, tayari. Wa kushoto, bado. Mimi naligeuza geuza lile shina, nakunja uso kitaalamu, kisha natangaza: "Jumatatu tukate." Majirani walikuwa wanakuja kuniuliza. "Mwalimu akisema kata, kata," walisema. Nikavimba kichwa. Kuna tumbili wa Amerika Kusini ambao wengi wao madume huona rangi mbili tu, na baadhi ya majike ndio wanaoona tatu, na wanaishi kundi moja, wanakula mti mmoja. Nilikuwa nikiwafundisha hao darasani kwa raha sana, kwa sababu nilikuwa naieleza nyumba yangu na hakuna aliyejua.

Sasa, shamba la mama yetu liko Likunja, na baada ya mama kufariki lilikaa kwa dada yangu. Dada alilima na mwanawe, huyo mpwa wangu, kijana wa watu, mtu mzima mwenye ndevu, mpole, asiyependa maneno mengi. Mwaka jana tulikubaliana kwamba mwaka huo aliangalie shamba yeye, na akilisimamia vizuri liwe lake moja kwa moja. Mimi ndiye niliyelisema hilo, tena kwa hotuba ndefu. Alilima kweli. Alipalilia mara tatu, ufuta ukasimama mpaka wapita njia wakausifia.

Mwezi wa tano mwishoni, dada alikwenda Dar kumhudumia binti yake aliyejifungua. Kijana akabaki peke yake na shamba. Mchana mmoja nikiwa ofisini shuleni, simu ikaita mlio wa ujumbe. Ni yeye, katuma picha ya ufuta, mashina matatu manne yamepigwa karibu, maganda yanaonekana vizuri. Chini kaandika maneno mawili: "Mjomba, tukate?"

Mke wangu alikuwa msibani kwao kwa siku tatu, na simu yake ni kitochi, hakipokei picha. Nikaitazama ile picha. Nikaongeza mwanga wa simu, nikapunguza. Nikatoka nje juani, nikarudi kivulini. Ilikuwa picha ya ufuta, na zaidi ya hapo sikuona kitu. Ningeweza kumwambia asubiri siku mbili. Ningeweza kumwonyesha mwalimu mwenzangu aliyekuwa meza ya pili anamenya karanga. Kumwuliza "hii rangi gani?" kungenichukua nukta moja. Lakini nilikuwa Mwalimu, yule ambaye akisema kata, kata. Nikaandika: "Kama ni ya njano, kata." Nikaona nimejilinda vizuri sana. Nikarudi kusahihisha daftari.

Akakata. Akafunga matita, akayasimamisha yakauke. Siku ya kukung'uta, turubai likajaa mapepe. Shamba zima, jasho la mwaka mzima, mapepe matupu.

Kikao kilikuwa Ijumaa baada ya swala, kwenye kibaraza cha dada. Dada karudi, ndugu wa upande wa mama wamekaa mkekani, mke wangu kakaa na wanawake, na mimi kwenye kiti, maana mjomba hakai chini siku ya kesi. Tayari watu walikuwa na maneno yao: kijana alikuwa na haraka ya kwenda Dar, kijana anavuta bangi, kijana hakuingia shambani kabisa, alikata kwa kukisia. Wakaniachia mimi niulize.

"Nilikuambiaje?"

"Ulisema kama ni ya njano, nikate."

"Ilikuwa ya njano?"

Akanyanyua macho akanitazama. Hakunitazama kwa ujeuri wala kwa kuomba. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake aseme kitu. Na mimi nilijua. Wallahi nilijua pale pale, kabla hajajibu. Mwalimu wa bayolojia, mwenye macho haya, mwenye dada huyu, nitasemaje sikujua? Hesabu yote niliifanya kichwani: mama, dada, mpwa. Nikaogopa.

"Nilikosea, Mjomba," akasema.

Hapo ndipo nilipopandisha. "Umekosea? Mtu mzima na ndevu zako hujui kijani na njano? Hata tumbili anajua kilichoiva!"

Watu wakacheka. Nilipoona wanacheka nikaongeza mengine, siwezi kuyarudia hapa. Nikasema shamba la mama yetu halitakaa mikononi mwa mvivu. Nikasema tutamtafuta mtu mwenye macho. Ndiyo, nilisema hivyo, mwenye macho. Kijana alisimama, akaaga kwa heshima zote, akaingia ndani. Baada ya wiki tukasikia kahamia Kilimarondo, upande wa Nachingwea kule mbali, anafyeka pori kwa rafiki zake aanze shamba jipya.

Siku ile ya kikao tuliondoka na mke wangu kwa miguu mpaka barabarani. Tulipofika kwenye kituo akaniuliza:

"Umemwona wifi?"

"Nimemwona. Kakaa kimya, kakubali."

"Macho yake yalikuwa mekundu tangu mwanzo wa kikao mpaka mwisho. Mekundu, kayafikicha mpaka yamevimba."

"Sikuona."

"Najua hukuona. Ndiyo maana nakuambia." Akafunga mtandio wake upya. "Nyani haoni kundule."

"Usinifananishe na nyani!"

"Nyani ana nafuu. Rangi anaziona." Kisha akasema, taratibu kabisa, ile sauti yake inayonitisha kuliko kelele: "Mimi nilidhani nakusaidia, kumbe nakusaidia kudanganya. Kuanzia leo, rangi zako utatafuta mwenyewe."

Nikadhani utani. Haukuwa utani. Miezi minne! Soksi moja hivi na nyingine vile, wanafunzi wakabana vicheko. Nilileta nyanya nyumbani, akazipika bila neno, mbichi zikiwa mbichi, na tukazila. Nilivaa tai msibani, watu wakaniangalia, mpaka leo sijui ilikuwa rangi gani. Nilimwambia, "Mama, unaniaibisha." Akasema, "Aibu hii ndogo. Mwenzio kafukuzwa shambani kwa bibi yake." Nikapiga mlango, nikatoka. Hasira zangu hizo.

Kilichonisukuma mwisho ni swali la darasani. Nilikuwa naeleza urithi wa kromosomu X, nimechora mama, kaka yake, na mtoto. Msichana mmoja wa kiti cha mbele, mwenye kupenda kuuliza, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo mjomba anaweza kujua tatizo la mpwa kabla mpwa mwenyewe hajajua?"

"Anaweza."

"Sasa asipomwambia?"

Nikamwambia akae. Nikakaa na mimi. Kengele ilipolia nilikuwa bado nimekaa.

Jumamosi nikapanda gari mpaka Nachingwea, na kutoka pale nikachukua bodaboda kwenda Kilimarondo, vumbi limenijaa mpaka kwenye nyusi. Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua bado. Dereva njia nzima anasifu. "Mzee, ona msitu ulivyopendeza! Miombo ikianza kuchipua hivi huwa kama inawaka." Nikamwambia naam, unapendeza. Mimi niliona miti.

Nilimkuta mpwa wangu kwenye ukingo wa pori, kavua shati, anachoma visiki. Aliponiona aliweka panga chini.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu, karibu kivulini." Akanitolea kigoda, akanimiminia maji ya kunawa uso, kisha ya kunywa. Hakuniuliza nimefuata nini. Nikaongea habari za safari. Nikaongea habari za mpira. Nikauliza kama tembo wanasumbua huku, akasema wanapita, na nyani ndio kero zaidi. Kila nikifungua mdomo kusema neno nililolijia, linatoka jingine.

Kwenye mkorosho wa jirani, hatua chache kutoka tulipokaa, tumbili mmoja alishuka tawi la chini. Akaliacha bibo moja, akaliacha la pili, akanyoosha mkono akachuma la tatu, akakimbia nalo. Tulimwona wote wawili. Sote tulikumbuka, sikuwa na shaka, maana hakuna aliyemfukuza. Nilitamani niteketee pamoja na vile visiki.

Yeye ndiye aliyenisaidia. Akanyoosha kidole kwenye kilima ng'ambo ya shamba.

"Mjomba, watu wa huku wanasema kile kilima sasa hivi ni chekundu. Wewe unakionaje?"

Miaka yote nimekuwa na majibu ya maswali kama hayo. Ningesema "kweli, ajabu sana," tukaendelea. Nikasema, "Sioni wekundu wowote. Sijawahi kuuona, mwanangu. Tangu nizaliwe."

"Na mimi siuoni," akasema.

Tukakaa tukitazama kilima. Baadaye akasema, "Nilijua huoni, Mjomba. Tangu kidato cha pili, ulipokuwa unatufundisha."

"Nani alikuambia?"

"Wewe mwenyewe. Ulituchorea moyo ubaoni. Ukasema mshipa huu unabeba damu nyekundu, ukaupaka chaki. Darasa zima likacheka. Mimi sikujua wanacheka nini. Nikamwuliza niliyekaa naye, akasema, mjomba wako kachora damu ya kijani. Nikautazama ubao, nikautazama tena. Mimi niliona sawa tu." Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. "Siku moja nikajua mambo mawili."

Na mimi nikaikumbuka siku hiyo. Niliwatoa wote nje wakimbie uwanja, kwa kumcheka mwalimu. Na yeye alikimbia, pamoja nao.

"Mbona hukusema kikaoni? Ungesema tu macho yako hayaoni njano!"

"Ningesema, wangeuliza nimeyatoa wapi." Akaokota kijiti akachora chini. "Kwetu kila kitu kinatoka kwa mjomba. Na wewe unaheshimiwa, Mjomba."

"Na ile picha? Ulijua siwezi kuisoma, sasa ulinitumia ya nini?"

"Nilituma ili Anti aione. Nilijua utamwonyesha, siku zote yeye ndiye anayekuambia. Sikujua kasafiri. Nilipoona neno 'kata', nikajua yeye kasema iko tayari."

Nililia. Sifichi, nimeshaficha ya kutosha. Mtu mzima, mwalimu wa watu, nililia kwenye kigoda huku yule niliyemtukana ameinama ananimiminia maji mengine. Nikamwambia arudi, shamba ni lake, nitaitisha kikao kingine, nitasimama mbele ya wote. Akatikisa kichwa. "Shamba waachie kwanza. Hapa nimeshafyeka. Ila mama anaamini nilikuwa mvivu. Hajawahi kuniambia, lakini namjua. Kamwambie mama."

Jumapili nikamchukua mke wangu, tukaenda Likunja. Dada alikuwa anapepeta mtama uani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kuzungusha maneno. Pilipili za utotoni, kitabu cha vidoa, mke wangu na mkono wa kulia na wa kushoto, picha. Alipoweka ungo chini akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa mwanangu?"

Nikashika usukani wa ualimu. Nikaanza kumweleza kwamba si kosa la mtu, kwamba X mbili, moja inaziba nyingine, kwamba mama naye alipewa...

"Kaka," akanikatiza. "Hayo ya damu na mbegu utanieleza siku nyingine. Mimi nakuuliza ya kikao. Siku ile, kibarazani pale, ulipomwambia hata tumbili anajua. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alinitazama, nami nikamtazama, nikitafuta usoni pake kitu ambacho macho yangu hayakuumbiwa. Ndipo mke wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akanisogelea sikioni. Ilikuwa rangi ya kwanza aliyoniambia tangu siku ile ya kituoni.

"Macho yake yamekuwa mekundu," akasema.

Kikao cha pili tulikaa, nikasema mbele ya ndugu wote, na wengine walicheka, na mmoja akanyanyua kanga ya mkewe kuniuliza rangi gani, na nikamjibu sijui. Majirani siku hizi hawaniulizi habari za ufuta. Dada ananipikia nikienda, ananikaribisha, lakini lile neno "kaka" amelipunguza sana, na sina wa kumlaumu. Shamba la mama tumesema ni la kijana. Hajarudi kulichukua. Mwaka huu amelima huko huko Kilimarondo, kwenye lile pori alilofyeka.

Wiki iliyopita simu yangu ikaita mlio wa ujumbe. Picha ya ufuta, mashina matatu manne, yamepigwa karibu. Chini kaandika: "Mjomba, mwonyeshe Anti."

Nikaenda jikoni na simu mkononi. Mke wangu alifuta mikono kwenye kanga, akaisogeza karibu na dirisha, akaitazama. Mimi nikasimama pembeni nikingoja.